Kadi ya mtandao inabisha hodi, nani anaitikia?

Mzee mmoja, wakala wa forodha, alinijia asubuhi na laptopu kwapani na bahasha mkononi. Ndani ya bahasha mlikuwa na kadi mbili za mtandao, zile za kuchomeka ubavuni. "Mwanangu, hizi zote nimeuziwa," akaniambia, "na mtandao bado unakufa."

Natengeneza laptopu Busia, upande wa Uganda, karibu na barabara ambako malori hupanga foleni kungoja kuvuka. Kazi ya mzee ni kuingiza hati za mizigo kwenye ASYCUDA, mfumo wa kompyuta wa forodha. Mtandao ukikatika hati ikiwa nusu, lori linalala barabarani na dereva analala ndani yake. Laptopu yenyewe ni ya mwaka 2006, inatumia mfumo endeshi wa Linux, na ilikuwa na tabia moja: ukiiwasha, mtandao wa waya unakwenda vizuri kwa dakika kumi hivi, kisha unaanza kutambaa. Akichomeka kadi ya ubavuni, hali ni ile ile. Akichomeka ya pili, ile ile. Akizima na kuwasha, anapata dakika kumi nyingine.

Kadi tatu tofauti haziugui ugonjwa mmoja kwa saa moja. Tatizo lilikuwa njiani, kati ya kadi na prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Hiyo ndiyo hitilafu ya intarapti, na naieleza kwa urefu kwa sababu mafundi vijana wengi hawajaonyeshwa namna ya kuitafuta. Kijana ninayemfundisha kazi anatoka Arua, mimi ni mtu wa huku, na lugha yetu ya karakana ni Kiswahili. Niliyomfundisha yeye ndiyo haya.

Hodi na geti

Prosesa haiwezi kukaa ikikodolea macho kila kifaa. Kifaa kikiwa na jambo, kinabisha hodi: pakiti (kifurushi cha data) imefika, njoo uichukue. Prosesa inaacha ilichokuwa ikifanya, inamwita kiendeshi wa kifaa hicho, yaani programu inayokihudumia, mzigo unachukuliwa, kisha kazi ya awali inaendelea. Hodi hiyo ndiyo intarapti. Kadi inaweza kuwa nzima, taa zake zinawaka, waya mzuri, lakini hodi isipofika, mtumiaji ataona mtandao umekufa, basi.

Zamani njia za hodi zilikuwa chache. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na chipu moja ya kupokea hodi yenye njia 8. Mwaka 1984 ikaongezwa chipu ya pili, zikapatikana njia 15, kwa kuwa moja ilitumika kuziunganisha chipu hizo mbili. Vifaa vilipozidi njia, ikabidi vishirikiane. Ni kama nyumba za kupanga, zile tunazoziita muzigo: vyumba vingi, geti moja. Geti likigongwa, kila mpangaji anaulizwa, "Huyu mgeni wako?" Mmoja anasema ndiyo, anatoka kumpokea.

Sasa fikiria mgeni anagonga bila kukoma na kila mpangaji anasema si wangu. Kwenye njia za kushirikiana za aina ya PCI, kifaa hakigongi mara moja na kunyamaza. Kinashikilia geti mpaka kiitikiwe. Asipopatikana mwenyewe, kelele haiishi, na prosesa haifanyi kazi nyingine yoyote.

Vifaa vipya vina njia nyingine iitwayo MSI. Kifaa hakigongi geti tena, kinaandika ujumbe mfupi kwenye anwani maalumu ya kumbukumbu, na kila kifaa kina namba yake. Hapo hakuna kushirikiana. Lakini kuna laptopu ambazo ujumbe huo haufiki, na zina dawa yake, nitakuja kwake.

Anza na waya, usirukie kerneli, moyo wa Linux

Badilisha waya, badilisha tundu kwenye swichi ya mtandao. Angalia jina la kadi yako kwa amri ya

ip link

Mimi nitatumia enp3s0, wewe weka lako. Kisha

sudo ethtool enp3s0

Ukiona mstari wa mwisho unasema Link detected: yes, umeme kati ya kadi na swichi uko sawa. Kumbuka kwamba taa ya tundu inathibitisha hilo tu. Haithibitishi kwamba prosesa inasikia hodi. Nimeona watu wakisema "taa inawaka, kwa hiyo kadi nzima, kwa hiyo programu mbovu," wakafuta mfumo wote na picha za familia humo.

Halafu piga ping, yaani tuma pakiti ya majaribio ungoje jibu, kwa ruta yako, siyo kwa tovuti ya mbali. Kwa waya, jibu la ruta iliyo chumba hicho hicho huja chini ya milisekunde moja au zaidi kidogo. Ukiona hivi:

64 bytes from 192.168.1.1: icmp_seq=4 ttl=64 time=1001 ms

na inayofuata 1000, na nyingine 2002, simama hapo. Muda unaokaribia sekunde kamili ni alama kubwa. Pakiti imefika kwenye kadi mapema, imekaa humo, na imechukuliwa tu pale kitu kingine kilipomwamsha kiendeshi. Mtandao wa nje wa polepole hauji kwa sekunde zilizopimwa hivyo.

Alama nyingine niliiona kwenye laptopu ya mwalimu mmoja wa Tororo. Ping ilikuwa inasuasua, kisha nikagusa panya wa USB, ikaenda mbio. Nikaacha panya, ikasuasua. Nikamwita kijana wangu aone kwa macho yake. Kadi ya mtandao na kidhibiti cha USB vilikuwa vimeandikishwa kwenye njia moja, lakini hodi ya kadi ilikuwa inapelekwa kwingine. Kila panya aliposogea, geti liligongwa, viendeshi wote wakaulizwa, na kiendeshi wa mtandao akakuta mzigo wake unamsubiri. Ukiona hivyo, usipoteze muda na kadi. BIOS, programu ya kwanza kuamka mashine ikiwashwa, imeieleza kerneli njia isiyo sahihi.

Hesabu hodi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko popote. Kwenye Linux kuna faili inayohesabu kila hodi tangu mashine iwashwe:

grep -E 'CPU|enp3s0' /proc/interrupts

Andika namba kwenye karatasi. Nasema karatasi kwa sababu ukitegemea kichwa utachanganya. Piga ping ishirini kwa ruta, kisha rudia amri ile ile na utoe tofauti.

Tofauti ikiwa makumi au mamia machache, hodi zinafika. Tafuta tatizo mahali pengine. Tofauti ikiwa sifuri, au moja au mbili, hodi hazifiki. Ikiwa malaki, kuna kifaa kinagonga bila kukoma. Usitarajie namba ilingane na idadi ya pakiti. Kiendeshi wa siku hizi, mzigo ukiwa mkubwa, anazima hodi kwa muda na kuchota pakiti nyingi kwa mkupuo, kwa hiyo ukinakili faili kubwa hodi zitakuwa chache kuliko pakiti. Hiyo ni afya.

Soma pia upande wa kulia wa mstari. Kwa mzee ulikuwa hivi:

17:  412873  408115  IO-APIC  17-fasteoi  yenta, mmc0, enp3s0

Safu mbili za kwanza ni hesabu ya kila kiini cha prosesa. IO-APIC inaonyesha kwamba hii ni njia ya kushirikiana. Ungeona PCI-MSI mahali pake, kadi ingekuwa na njia yake peke yake. Na mwisho wapangaji: yenta ni tundu la kadi za ubavuni, mmc0 ni kisoma kadi za kamera, enp3s0 ni mtandao wa waya. Soma tena. Kadi ya waya na tundu la ubavuni viko geti moja. Ndiyo maana kadi alizouziwa mzee hazikusaidia kitu: zote zilikuwa zinabisha pale pale palipoharibika.

Ukitaka kuona namba zikibadilika mbele yako:

watch -n1 -d cat /proc/interrupts

Tukakaa kwenye benchi, mzee, kijana na mimi, tukitazama njia ya 17. Ilikuwa inapanda taratibu. Dakika ya tisa ikaruka: elfu kadhaa kwa sekunde, kisha makumi elfu. Feni ikaanza kuvuma. Ghafla namba ikasimama, na mtandao ukaanza kutambaa. Nikafungua shajara ya kerneli:

sudo dmesg | grep -iE 'irq|watchdog|enp3s0'

Na kerneli yenyewe ilikuwa imeshaandika:

irq 17: nobody cared (try booting with the "irqpoll" option)
Disabling IRQ #17

Maana yake: njia ya 17 imebishwa hodi na hakuna aliyeitikia, kwa hiyo naifunga. Kerneli haifanyi hivyo kwa pupa. Katika hodi 100,000 za njia moja, zikizidi 99,900 zisizo na mwenyewe, ndipo inafunga geti ili mashine iliyobaki ipone. Wapangaji wote wa geti hilo wanaumia, hata wasio na kosa. Pengine utaona pia mstari wenye NETDEV WATCHDOG na maneno transmit queue 0 timed out. Huo unasema kiendeshi alituma pakiti na hakupata taarifa kwamba zimeondoka, na mara nyingi chanzo ni hodi iliyopotea.

Kumtafuta anayegonga

Chini ya ujumbe wa nobody cared, kerneli huorodhesha viendeshi wa njia hiyo. Hao ndio wapangaji wako wa kuwahoji, mmoja mmoja. Ondoa kila kinachoondoleka: kadi ya ubavuni, kadi ya kumbukumbu, vifaa vya USB. Washa upya, hesabu tena.

Kwa mzee nilianza kwa kumwondoa kiendeshi wa kisoma kadi:

sudo modprobe -r sdhci_pci

Haikusaidia, na ni muhimu uelewe kwa nini. Kumwondoa kiendeshi hakukinyamazishi kifaa. Chipu bado ina umeme, bado inagonga, na sasa hata yule ambaye angeweza kuitikia hayupo. Kifaa kibovu kinanyamazishwa kwenye BIOS au kwa bisibisi.

Nikaingia BIOS, kwenye ukurasa wa vifaa vya ndani, nikazima kisoma kadi. Tukawasha. Dakika kumi zikapita, ishirini, saa nzima. Njia ya 17 ilipanda polepole kama inavyopaswa. Chipu ya kisoma kadi ilikuwa inaharibika ikipata joto: asubuhi laptopu ikiwa baridi ilichukua dakika tisa au kumi, adhuhuri ilichukua tano. Mzee hakuwahi kutumia kisoma kadi hicho tangu anunue mashine.

Ukiwa kwenye BIOS zima na vingine visivyo na kazi: modemu ya simu, FireWire, tundu la serial. Wapangaji wakipungua, geti linapumua.

Kama kadi yenyewe ni ya Wi-Fi ya kuchomeka ndani, ifungue. Toa chaja, toa betri, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Vumbi jekundu la huku ni jembamba, linaingia kwenye tundu la kadi na kukaa kwenye meno ya dhahabu, na unyevu wa mvua ukiongezeka linakuwa tope. Chukua mswaki laini mkavu kwa tundu, na kitambaa kisicho na nyuzi chenye spiriti kwa meno ya kadi. Futa kuelekea ukingoni, usisugue huku na huko. Subiri ikauke kabisa. Waya za antena zing'oe kwa kucha ukivuta moja kwa moja juu. Vile vifundo vyake havistahimili kuvutwa ubavu. Na kabla ya kununua kadi nyingine ya ndani ujue kwamba baadhi ya laptopu zina orodha ya kadi zinazokubalika ndani ya BIOS. Ukiweka ngeni, hazimalizi kuwaka.

Maneno ya kumwambia kerneli

Kama hakuna kifaa kibovu, lakini hodi hazifiki, kuna maneno unayoweza kuipa kerneli wakati wa kuwasha. Kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea kabla Linux haijaanza (shikilia Shift au gusa Esc kama haionekani) bonyeza e, nenda kwenye mstari unaoanza na linux, ongeza neno mwishoni, kisha Ctrl na X. Hilo ni la safari moja tu. Ukizima linapotea, kwa hiyo halina hatari. Jaribu neno moja kwa kila safari. Ukiweka manne kwa pamoja na mashine ikapona, hutajua lipi limeponya, na matatu yaliyobaki yanaweza kudhuru.

Mstari wako ukisema PCI-MSI na hesabu haisogei, anza na pci=nomsi. Linairudisha mashine kwenye njia za kushirikiana. Mstari ukisema IO-APIC na hodi zinapotea, au ukiona ile dalili ya panya, jaribu acpi=noirq, halafu pci=noacpi, yanayoiambia kerneli isiamini maelezo ya BIOS kuhusu njia. Kwa mwalimu wa Tororo acpi=noirq ndiyo iliyomaliza. Baada ya hapo noapic, lakini hilo linakurudisha kwenye njia chache za zamani, na msongamano utaongezeka.

Neno irqpoll, ambalo kerneli yenyewe inalipendekeza, mimi naliweka mwisho. Linaifanya kerneli, kila hodi isiyo na mwenyewe ikija, igonge vyumba vyote kuuliza. Linafanya kazi, ila prosesa inachoka na betri inaisha upesi. Ni la kumvusha mteja wiki moja, siyo mwaka. Na acpi=off usiiguse kwenye laptopu: utapoteza habari za betri, na hata usimamizi wa joto unaweza kupotea.

Kama kadi inapotea baada ya kukaa bila kazi na inarudi ukiwasha upya, jaribu pcie_aspm=off. Hapo huenda kadi imelala usingizi wa kuokoa umeme na haiamki, ugonjwa unaofanana sana na huu.

Ukishapata neno, liandike ndani ya /etc/default/grub kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, kisha

sudo update-grub

na baada ya kuwasha hakikisha kwa cat /proc/cmdline.

Kupandisha toleo la BIOS nako kunatibu hasa makosa ya njia zilizoelezwa vibaya. Fanya betri ikiwa imejaa na chaja imechomekwa, vyote viwili. Mawingu yakianza kujikusanya upande wa ziwa, ahirisha. Stima ikikatika katikati ya kazi hiyo na betri ikawa haina nguvu, umemuua mgonjwa aliyekuja na mafua.

Kwa wenye Windows

Endesha devmgmt.msc, fungua menyu ya View, chagua kuona rasilimali kwa aina, kisha fungua tawi la IRQ. Namba hasi mbele ya kadi ya mtandao isikutishe, ndiyo MSI hiyo. Namba ndogo chanya inayojirudia kwa vifaa kadhaa ni geti la pamoja. Msimbo wa kosa 12 kwenye kadi una maana kwamba haikupata rasilimali za kutosha. Zima kifaa kingine kwenye BIOS uone. Kwenye Task Manager, mstari wa System interrupts ukikaa juu ya asilimia chache wakati hufanyi kitu, kuna anayegonga. Zima vifaa kimoja kimoja huku ukitazama asilimia hiyo.

Kipimo cha mwisho ninachokipenda ni kadi ya mtandao ya USB ya kuazima. Hodi zake zinapita kwa kidhibiti cha USB, siyo kwa tundu la kadi ya ndani. Ikifanya kazi siku nzima bila kukatika, umeshajua kwamba mtandao wa ofisi na mfumo ni wazima. Na kama njia ya ndani imekufa kwenye ubao mkuu wenyewe, kadi hiyo ndiyo tiba ya bei ndogo. Mwambie mteja hivyo wazi kabla hujamtajia bei ya ubao.

Kabla ya kumrudishia mzee laptopu niliiacha inakili faili kubwa kutoka kompyuta yangu huku ping ikienda pembeni, kutoka saa nane mchana, karakana ikiwa moto kabisa, mpaka saa kumi na moja. Pakiti hazikupotea. Nikasoma dmesg, kimya. Kisha nikakata kipande cha plasta nyeupe, nikaandika kwa kalamu ya wino usiofutika: "Kisoma kadi kibovu, kimezimwa BIOS. Ukiweka BIOS upya, kizime tena." Nikaibandika chini ya betri, mahali ambapo fundi yeyote atakayeifungua, hapa au ng'ambo ya mpaka, lazima aione. Mzee akaniuliza afanye nini na kadi zake mbili. Nikamwambia azirudishe alikozinunua, na nikamwandikia kwenye karatasi zile namba za njia ya 17, za kabla na za baada, aende nazo.